Mfuko wa Mzazi Ufungwe Mapema

Mimi ni bwana shamba hapa Mlowo. Kila mwaka, kabla ya mvua za mwezi wa 11, nawauliza wakulima maswali yale yale. Mbegu ya mahindi umenunua? Mbolea iko ndani? Jembe lina mpini? Mkulima anayeanza kutafuta mbegu baada ya mvua kunyesha huwa nampa maneno makali.

Lakini mwaka 2014 mimi mwenyewe nilikuwa mkulima wa namna hiyo. Ndugu wasomaji, nawaeleza bila kujificha.

Ilikuwa mwezi wa 7, wakati wa kuchuma kahawa. Sisi watu wa Mbozi tunaijua baridi ya mwezi huo. Mke wangu alikuwa na mimba ya pili. Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa kwao, na mama mkwe ndiye aliyeandaa kila kitu. Mimi niliitwa tu kumwona mtoto. Kwa hiyo nilidhani vitu vya uzazi hujileta vyenyewe.

Uchungu ulianza saa 8 usiku, wiki 2 kabla ya siku tuliyoambiwa. Nilikimbia kutafuta gari. Tulipofika hospitali mkunga aliniuliza, "Baba, kadi ya kliniki iko wapi?" Kadi ilikuwa nyumbani, ndani ya sanduku la nguo. "Na vitu vya mama?" Nilimwonyesha kitenge kimoja. Hicho ndicho alichokuwa amejifunga.

Mtoto alizaliwa kabla jua halijatoka. Wa kike. Mkunga alimkausha kwa kitenge kile, kikalowa chote. Akamlaza kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, kisha akatafuta kitu kikavu cha kuwafunika. Nikatoa koti langu. Mkunga akalinusa, akanirudishia. Ni koti ninalovaa nikipulizia dawa mashambani! Mama mmoja wa kitanda cha pili, aliyetoka upande wa Kamsamba, akatoa kanga yake kavu. Mtoto akafunikwa.

Mara mke wangu akaanza kutoka damu nyingi. Wahudumu walimchoma sindano, wakamtundikia maji. Waliniuliza, "Kliniki alipimwa damu ikawa kiasi gani?" Sikujua. Kundi la damu? Sikujua. Yote yaliandikwa kwenye kadi, na kadi ilikuwa sandukuni. Wakauliza wako wapi ndugu wa kuchangia damu. Nilikuwa peke yangu. Ashukuriwe Mungu, na wahudumu wale pia, damu ilikatika. Lakini saa ile ilikuwa ndefu kuliko msimu mzima wa kilimo.

Mimba ya tatu ilipofika miezi 7, tulianza kufunga mfuko. Ulikuwa ule mfuko wa mirabamiraba tunaouita shangazi kaja. Kitu cha kwanza ndani yake ni kadi ya kliniki. Mama akienda kliniki huitoa, akirudi huirudisha humo humo.

Kisha kanga na vitenge. Moja haitoshi, jamani. Moja ya kumkausha mtoto, nyingine ya kumfunika, na nyingine mbili au tatu za mama. Si lazima ziwe mpya. Za zamani zifuliwe kwa sabuni, zianikwe juani, zipigwe pasi. Huku kwetu kwenye baridi weka pia kofia, soksi na sweta la mtoto. Mtoto mchanga hupoteza joto upesi, hasa kichwani.

Weka beseni, sabuni, pedi au vitambaa safi vya mama, na chupi za kubadilisha. Kuhusu glovu, wembe mpya, uzi wa kitovu na nailoni ya kutandika, uliza kliniki mapema. Mahali pengine vipo, pengine vimekwisha, na usiku maduka yamefungwa.

Chupa ya chai, sukari, kikombe na unga wa uji ni vya mama. Mtoto asipewe maji ya sukari. Maziwa yale ya kwanza ya njano ndiyo chakula chake, wala yasikamuliwe yakamwagwa. Majivu hayana kazi kwenye kitovu.

Fedha ya gari tuliitenga tulipouza kahawa, tukaifunga kwenye kitambaa. Namba ya dereva iliandikwa ukutani. Wanaume wawili, shemeji yangu na jirani, walikubali mapema kuitwa usiku ikihitajika damu. Jambo hili wanaume wengi hawalijui. Sisi hungoja nje tukiota moto.

Mama akirudi nyumbani, mfuko usisahauliwe, maana kadi bado ina kazi. Ataenda nayo kliniki siku ya 7, ya 28 na ya 42. Akitoka damu nyingi, akipata homa, kichwa kikimuuma sana au akipata degedege, au mtoto akikataa kunyonya, msingoje siku hizo. Chukueni mfuko mwondoke.

Ile kanga ya mama wa Kamsamba hatukuirudisha. Nilipotoka kununua uji asubuhi ile, nilirudi nikakuta ameruhusiwa, na sikuwa nimemuuliza jina. Tunayo hadi leo. Mwaka jana mke wa jirani alipojifungua, ilikuwa juu kabisa ndani ya mfuko wake.