Kusoma kwa Midomo na Kusoma kwa Akili

Mji wa Korogwe umekaa kando ya Mto Pangani, mahali ambapo reli iliyotoka Tanga ilifika mwaka 1902, kabla ya kuendelezwa hadi Mombo na hatimaye Moshi. Kaskazini yake imesimama milima ya Usambara, na kusini yake iko njia iendayo Handeni. Katika mji huo na vijiji vinavyouzunguka husikika Kizigua, Kisambaa na Kibondei. Na juu ya lugha hizo Kiswahili kimekuwa lugha ya watu wote, lugha ya soko, ya baraza, ya shamba la mkonge na ya shule ya msingi. Mtoto wa huko aingiapo Kidato cha Kwanza hukutana na lugha ya tatu, nayo haji kuikuta katika kipindi kimoja tu cha ratiba. Kiingereza huwa ndiyo njia ya kuyaendea masomo karibu yote: Biolojia imo humo, Jiografia imo humo, na Hisabati na Fizikia vilevile. Kwa hiyo kijana asiyefahamu anachokisoma katika Kiingereza hapotezi alama za somo moja. Hupoteza shule nzima.

Sisi tuliofundisha Kiingereza katika shule za sekondari za sehemu hizo tumeona mara nyingi jinsi zoezi la ufahamu linavyodharauliwa. Huonekana kuwa zoezi jepesi, la kupumzikia baada ya kazi ngumu ya sarufi. Kifungu cha habari husomwa kwa sauti, mwanafunzi mmoja baada ya mwingine, kisha maswali hujibiwa katika daftari, na mwalimu hutia alama za vema. Darasa zima laweza kupata vema tano kwa tano, na mwalimu akaondoka akiwa ameridhika. Je, wamefahamu? Hapo ndipo penye mashaka.

Hebu msomaji ajaribu jambo dogo. Asome sentensi hii: Bweno aliifuringa mikelwa yake kando ya lirimo kwa sababu mikelwa ilikuwa imezegea. Kisha ajibu maswali haya. Nani aliyeifuringa mikelwa? Bweno. Aliifuringa wapi? Kando ya lirimo. Kwa nini? Kwa sababu ilikuwa imezegea. Majibu yote matatu ni sahihi, na anayejibu anastahili vema tatu, ilhali hakuna mtu duniani ajuaye mikelwa ni kitu gani, wala kuzegea ni kufanya nini. Tumeyabuni maneno hayo sisi wenyewe. Hivyo ndivyo wanafunzi wengi wanavyojibu maswali ya ufahamu wa Kiingereza. Huitafuta kifunguni sentensi inayofanana na swali, wakainakili, wakamaliza. Macho yamefanya kazi, mkono umefanya kazi, na akili imebaki nje ya darasa.

Hali hii ina historia yake. Mwaka 1967 taifa liliamua kwamba Kiswahili kiwe lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi za serikali, na uamuzi huo umewapa mamilioni ya watoto wetu elimu wanayoielewa. Tume ya Rais iliyoongozwa na Ndugu Jackson Makweta, iliyotoa maoni yake mwaka 1982, ilipendekeza hatua ya pili: Kiswahili kianze kufundishia sekondari mwaka 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwaka 1984 wataalamu wawili, Criper na Dodd, walipima Kiingereza cha wanafunzi wetu, wakaona kwamba kwa karibu nusu ya wanafunzi waliopimwa, mafunzo ya masomo mengine yalikuwa hayawafikii au yanawafikia kidogo mno. Tangu hapo sera zimeandikwa na kuandikwa upya, na mjadala wa lugha ya kufundishia ungali ukiendelea. Sisi hatukusudii kuumaliza hapa. Tunasema tu kwamba wakati wakubwa wanajadiliana, mtoto yuko darasani leo, na kitabu cha Kiingereza kiko mbele yake. Mtoto huyo ana haki ya kufundishwa namna ya kukifahamu.

Yafaa tukumbuke kwamba ufahamu haukuletwa kwetu na vitabu vya kigeni. Wazee wetu waliwazoeza watoto kufahamu kabla ya shule hizi kuwapo. Jioni, kazi zikiisha, mtoto alitegewa kitendawili: nyumba yangu haina mlango. Maneno yote manne anayajua. Hakuna hata moja linalomtatiza. Hata hivyo asiporuka kutoka kwenye maneno hadi kwenye jambo lenyewe, hatalipata yai. Akishindwa, hutoa mji, na jibu huambiwa pamoja na sababu yake. Hakuna mzee aliyekubali jibu la kurudia swali. Lau mtoto angesema, "Ni nyumba isiyo na mlango," wenzake wangemcheka. Jambo ambalo kitendawili hulikataa ndilo ambalo zoezi letu la ufahamu hulipa vema.

Basi, katika shule moja wilayani Korogwe, tulijaribu kulifundisha zoezi hili kwa desturi hiyo. Vitabu vilikuwa vichache, na habari zilizomo zilihusu theluji na vituo vya reli vya mbali. Tukatunga kifungu kifupi cha mistari 12 juu ya mkonge, kwa kuwa hakuna mtoto wa huko asiyeujua. Kilieleza kwamba mmea huu asili yake ni Mexico, na kwamba jina lake la Kiingereza limetokana na bandari ya Sisal iliyoko Yucatan. Kilisimulia jinsi Richard Hindorf, Mjerumani mtaalamu wa kilimo, alivyoagiza miche 1,000 kutoka Florida, na jinsi miche 62 tu ilivyosalimika ikapandwa upande wetu wa Tanga mwaka 1893. Kisha kilieleza safari ya jani: hukatwa, hupelekwa kwenye mashine, huparuliwa na kuoshwa, nyuzi zake huanikwa juani, husuguliwa kwa brashi na kufungwa marobota.

Tulikiandika ubaoni, na tukakataza kusoma kwa sauti. Kwanza wanafunzi walisoma kichwa cha habari peke yake, wakasema wanatazamia kukuta nini ndani. Kisha walisoma kimya, wote, hadi mwisho. Jina refu la Kiingereza la mashine ya kuparulia majani liliwasimamisha, lakini mmoja wao, aliyelelewa katika nyumba za wafanyakazi wa shamba, alitazama maneno yaliyolizunguka, akacheka, akasema, "Kumbe ni korona!" Hakufungua kamusi. Alilijua jambo tangu utotoni, akaongozwa nalo hadi kwenye neno.

Baada ya hapo tulifika penye mitego, na mitego hiyo yapaswa kutajwa wazi, kwa sababu inatokana na tofauti ya lugha zetu mbili. Kifungu kilisema kwamba mashine huparua jani na maji "huiosha" au "huliosha". Katika Kiingereza ni neno moja tu, "it". Mswahili hapati taabu: akisikia "huliosha" anajua kwamba kinachooshwa ni jani, kwa kuwa ngeli imemwonyesha kwa kidole. Kiingereza hakina kidole hicho. Msomaji hana budi kusimama na kujiuliza kila mara: hii "it" ni nini? Asiyejiuliza ataosha mashine akaacha jani. Kinyume chake, sisi twasema "amechelewa" bila kubainisha mwanamume au mwanamke, lakini Kiingereza hubainisha kwa "he" na "she". Na mwanafunzi anayeyapita maneno hayo mawili kana kwamba ni mamoja hushindwa kujua kama aliyechelewa ni nyapara au mpishi wake.

Kuna na mtego wa mpangilio. Kiswahili hutanguliza jambo lenyewe, kisha hulifafanua: nyuzi za jani la mkonge. Kiingereza hutanguliza ufafanuzi na kuliacha jambo lenyewe mwisho, hata "sisal leaf fibre" yabidi isomwe kuanzia mkiani. Na kuna maneno madogo ambayo jicho huyaruka. Kusema "few plants survived" ni kulalamika kwamba miche iliyopona ilikuwa haba mno. Kusema "a few plants survived" ni kushukuru kwamba angalau ipo iliyopona. Herufi moja tu imegeuza kilio kuwa shukrani. Vivyo hivyo "although" na "unless": anayeyaruka hayo huelewa kinyume cha alichokisema mwandishi, na hujiona ameelewa.

Hatua iliyofuata ndiyo iliyozusha ubishi miongoni mwa walimu wenzetu. Tuliwataka wanafunzi wafunike madaftari, wageukiane wawili wawili, na kila mmoja amweleze mwenzake kwa Kiswahili alichokisoma. Wenzetu walisema kwamba Kiswahili katika kipindi cha Kiingereza ni kama maji katika maziwa. Sisi twaona vingine. Anayenakili aweza kuficha ujinga wake katika Kiingereza, kwa kuwa maneno ya kifungu humsitiri. Akiambiwa alisimulie jambo kwa lugha anayoimiliki, hana pa kujificha. Kama amefahamu, itaonekana. Kama hakufahamu, itaonekana pia, kwanza kwake mwenyewe. Kisha hurejea kwenye Kiingereza akajibu maswali kwa maneno yake, yakiwa na makosa ya sarufi lakini yakiwa na maana. Makosa ya sarufi husahihishika. Maana isiyokuwapo haisahihishiki.

Tena njia hiyo ina mfano mkubwa katika taifa letu. Mwalimu Julius Nyerere alipoifasiri tamthilia ya Shakespeare juu ya Julius Caesar, tafsiri yake ilitolewa mwaka 1963, naye akairekebisha na kuitoa tena mwaka 1969. Mwaka huohuo ilitoka na tafsiri yake ya tamthilia nyingine, akaiita Mabepari wa Venisi. Katika jina la Kiingereza anatajwa mfanyabiashara mmoja. Mwalimu aliandika mabepari. Wako wanaouona uteuzi huo kuwa sawa na wako wasioukubali, lakini hakuna awezaye kusema kwamba umetokana na kunakili. Ni kazi ya msomaji aliyesoma hadi mwisho, akapima, akatoa hukumu yake katika lugha ya watu wake. Huo ndio ufahamu ulipokomaa.

Katika darasa letu la mkonge tuliona mbegu ya ukomavu huo. Maswali yalipokwisha, tuliuliza moja zaidi: kifungu hiki hakikusema nini? Kimya kilikuwa kirefu. Hatimaye msichana mmoja, ambaye babu yake alikuja Korogwe kutoka mbali kufanya kazi za mkataba, alisema polepole kwa Kiingereza chake cha kuungaunga kwamba habari imemtaja mtu aliyeleta miche, imetaja na mashine, lakini haikumtaja mtu hata mmoja aliyekata majani. Tukawaeleza habari za manamba, watu waliochukuliwa kutoka majimbo ya mbali, na hata nje ya nchi, kuja kufanya kazi katika mashamba haya. Na kwamba jina lenyewe la manamba latokana na neno la Kiingereza la nambari, kwa kuwa mtu alijulikana kwa nambari yake. Wanafunzi waliomba kuongeza mistari katika kifungu. Waliiandika wenyewe, kwa Kiingereza, mistari minne.

Hapo ndipo tulipoona wazi jambo linalotupasa kulisema. Kijana aliyezoezwa kunakili majibu atanakili pia mawazo. Atasoma mkataba asioufahamu akautia sahihi. Atasoma gazeti la kigeni likimweleza nchi yake akaamini. Atasoma maelezo ya dawa ya mimea akachanganya kipimo. Lakini aliyezoezwa kuuliza hii "it" ni nini, na nani ambaye hakutajwa, hawezi kugeuzwa kasuku na kitabu chochote, kiwe cha Kiingereza au cha Kiswahili.

Walimu wenzetu, kazi hii haihitaji mali nyingi. Ubao na chaki vyatosha kuianza. Vifungu vyaweza kutungwa juu ya mambo wanayoyajua wanafunzi: mto wao, machungwa yauzwayo madirishani mwa mabasi, mahindi ya Handeni na ukame wake, na wakishayazoea, ndipo wapelekwe kwenye theluji. Pawepo na vitabu vyepesi vya hadithi vya kusomwa kwa wingi nje ya kipindi, kama vile Mabala the Farmer na Hawa the Bus Driver vyake Richard Mabala, ambavyo mazingira yake ni ya kwetu. Maana lugha haipatikani kwa kifungu kimoja kwa wiki, kama vile mtu haogelei kwa kunawa uso.

Nanyi wanafunzi, mkisha kusoma ukurasa, ufunikeni. Mwambieni ndugu, mama au rafiki kilichomo, kwa lugha anayoielewa. Mkiweza, mmeusoma. Mkishindwa, ufunueni tena bila ya haya, maana hata kitendawili hakiteguliwi siku zote kwa mara ya kwanza, na mwenye kutega hana haraka.