Kabla Hujamhoji Mpanda Joka

Mpwa wangu mpenzi,

Nimefurahi mno kusikia mhariri wako amekukabidhi mahojiano na mwigizaji anayepanda joka katika tamthilia ya House of the Dragon. Maswali yako nimeyasoma yote. Mengi yanauliza jambo moja tu: nani atakufa, nani atatawala. Hayo yaondoe.

Waigizaji wa tamthilia hizi hufungwa na mikataba ya kutunza siri. Juni 2015, mhusika Jon Snow alipochomwa visu mwishoni mwa msimu wa 5 wa Game of Thrones, tamthilia iliyoitangulia hiyo yako, mwigizaji wake Kit Harington aliliambia jarida la Entertainment Weekly kwamba mhusika wake amekufa na harudi. Habari ikaenea kila kona. Mwaka uliofuata Jon Snow akafufuka, na Harington akaomba radhi kwa kudanganya. Simlaumu, alikuwa analinda hadithi. Waandishi ndio waliohangaika miezi yote ile, wakichunguza hata urefu wa nywele zake.

Sasa tazama unachopata ukiuliza kitu kilitengenezwaje. Mbunifu wa mavazi wa Game of Thrones, Michele Clapton, alieleza kwamba yale manyoya wanayojitanda walinzi wa Ukuta yalikuwa mazulia ya IKEA. Waliyakata, wakayanyoa, wakayatia mikanda ya ngozi, kisha wakayachakaza mpaka yakaonekana yamekula baridi ya miaka. Hapo hakuna siri iliyovuja, na msomaji amepata kitu ambacho hakukijua. Hata pigano la Battle of the Bastards katika tamthilia hiyo, mimi husisimka zaidi nikikumbuka lilipigwa picha kwa siku 25, na mamia ya waigizaji wa ziada wakigaagaa kwenye tope la Ireland ya Kaskazini.

Wapo wanaodhani dawati la burudani ni mahali pa kupumzikia. Siafiki kabisa. Sehemu mpya ya Game of Thrones ilipoonyeshwa Marekani Jumapili usiku, hapa Dar es Salaam ilikuwa saa kumi alfajiri ya Jumatatu, nasi wa dawati hilo tulikuwa macho tukiandika. Na kichwa cha habari hakikutaja kifo cha mtu, maana muuguzi aliye zamu naye ana haki ya kushtuka mwenyewe jioni akirudi nyumbani.

Kwa kuwa siri za hadithi hatakwambia, muda wako wote wa mahojiano utumie kwenye joka analolipanda. Lenyewe halipo: mwigizaji hukaa juu ya mtambo unaomtikisa huku na huku, kisha picha za joka huongezwa baadaye kwa kompyuta. Muulize macho aliyaelekeza wapi. Muulize akishuka ni kiungo gani kilimuuma. Muulize alijifunzaje kumwamrisha mnyama asiyekuwepo kwa Kivalyria, lugha iliyoundwa na David J. Peterson, na nani alikuwa akimsahihisha matamshi. Akianza kueleza, usimkatize.

Rasimu nitumie kabla hujampa mhariri.

Mjomba wako akupendaye