Uwanja wa Mama Usizibwe Wote

Theluji ikishayeyuka Minneapolis, kazi ya kwanza ya mwenye bustani ni kuuacha udongo ukauke. Ukiukanyaga ungali umelowa, unashindiliwa, na mizizi itahangaika hadi mavuno. Mabua makavu ya mwaka jana nayo yasubiri, maana ndani yake wamelala nyuki wadogo wa porini tangu majira ya baridi. Baridi ya kuua miche inaweza kurudi usiku hata katikati ya Mei, kwa hiyo nyanya zangu hukaa ndani dirishani, na kunde, ambazo nazipanda kwa ajili ya majani, hungoja mwezi huo ukaribie kwisha. Aliyelelewa Usukumani anaielewa subira hii bila kufundishwa. Kwetu mvua za kwanza za Oktoba na Novemba huja zikakata, na mwenye busara hamalizi mbegu zote kwa siku moja.

Nilichojifunza huku zaidi ni thamani ya ardhi iliyo wazi. Tangu 2005 jiji la Minneapolis hutoza ada ya maji ya mvua, na ukubwa wa ada hufuata eneo ulilolifunika maji yasipenye: paa, zege, lami. Ukichimba bustani ya kupokea maji ya paa, unaweza kupunguziwa. Wanalinda maziwa yao. Maji yanayoteleza juu ya zege huzoa uchafu na mbolea mpaka ziwani, kisha mwani hutanda. Ndiyo maana jimbo la Minnesota lilizuia mbolea ya fosforasi kwenye nyasi za majumbani, 2004 kwa Minneapolis, St. Paul na vitongoji vyake, na 2005 kwa jimbo zima.

Na mimi ninayelipa ada hiyo ninaombwa na mdogo wangu, aliyebaki Kolandoto, Shinyanga, nitume fedha za kutandaza pevingi uwanja mzima, kuanzia getini hadi zizini. "Dada, mama anateleza kwenye tope," ananiandikia. Hilo ni kweli, na mama mzee akivunjika nyonga hakuna bustani itakayomfariji. Njia ya kutoka mlangoni hadi jikoni na chooni ijengwe vizuri, hata kesho. Kuziba uwanja wote ndiko ninakokukataa.

Nakukataa kwa sababu naijua Shinyanga. Mvua yetu ni kama milimita 600 hadi 800 kwa mwaka, kisha miezi mitano au zaidi ya ukavu. Penye udongo mweusi wa mbuga, ardhi huvimba ikinyeshewa na kupasuka ikikauka, na pevingi zisizowekewa msingi wa maana hupanda na kushuka hadi zikaachana. Jua la Septemba likipiga juu yake, nani atakaa nje? Pale mama anapomwaga maji ya kuoshea vyombo huota mchicha na mgagani. Majani ya kunde huanikwa uwanjani yakawa nsansa, viazi vikawa michembe, na hiyo ndiyo mboga na chakula cha kiangazi. Uwanja huo unafagiliwa kila asubuhi, na usafi wake hauhitaji saruji.

Sisi wa ughaibuni tuna sehemu yetu katika hili. Tunapenda fedha zetu zionekane: geti, ukuta, pevingi. Anayepita barabara ya Lalago ajue nyumba hii ina mtoto nje. Naielewa haja hiyo, nami ninayo. Lakini Wasukuma walikuwa na namna yao ya kuonyesha mji uliotunzwa, nayo ni ngitili: eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza, nyasi na miti vikapumzika, likafunguliwa kiangazi ng'ombe wakiwa hawana pa kula.

Ngitili nyingi zilipotea. Misitu ilifyekwa kuwaangamiza mbung'o, pamba ikaenea, mifugo ikaongezeka, watu wakahamishiwa vijiji vya pamoja, hata Mwalimu Nyerere katika miaka ya 1980 akauita mkoa huu jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ambao haukutegemea kupanda miche peke yake. Uliwarudishia watu desturi yao, visiki vikaachwa vichipue, na zaidi ya hekta 300,000 zikarudi kuwa ngitili. Mwaka 2002 kazi hiyo ilipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Na Minnesota, tangu 2019, husaidia wakazi gharama za kugeuza nyasi zao kuwa makazi ya nyuki. Naona fahari kwamba babu zangu walijua kuipumzisha ardhi bila kulipwa.

Basi nimependekeza hivi. Njia ya mama itengenezwe. Fedha zinazobaki zinunue mifereji ya paa na tanki. Paa la mita za mraba 100 hupokea lita 60,000 mvua ikifika milimita 600, na tukivuna hata robo yake, mchicha hautategemea maji ya bomba yanayotoka Ziwa Victoria kwa bili. Mapengo ya minyaa iliyokufa kwenye uzio wa ngitili ya ukoo wetu yazibwe kwa vipande vipya, wanaoikata wakijihadhari na utomvu wake machoni. Kuhusu tanki tumeelewana. Kuhusu ngitili, mdogo wangu ameshapata mtu anayetaka kununua viwanja viwili pale, na nimemwomba asipokee hata shilingi kabla ukoo haujakaa.