Saa Iliyo Ndani ya Taya

Tangu nianze kusoma udaktari wa meno hapa London, jamaa zangu hunifunulia midomo hata harusini. Huuliza kuhusu maumivu na weupe. Swali linalonivutia mimi ni jingine: jino linajua nini kuhusu umri wetu?

Swali hili lina historia katika mji huu. Sheria ya mwaka 1833 ilikataza watoto wa chini ya miaka 9 kuajiriwa katika viwanda vingi vya nguo, lakini watoto wengi hawakuwa na cheti cha kuzaliwa. Mwaka 1837 daktari wa meno Edwin Saunders alichapisha kitabu kidogo akieleza kwamba meno ni shahidi bora wa umri kuliko kimo.

Siku hizi shahidi huyo huitwa pia kwa ajili ya kupanga meno. Mdogo wangu ana miaka 12, na taya lake la chini liko nyuma. Kifaa cha kulisogeza mbele hufanya kazi vizuri zaidi mtoto anaporefuka haraka. Ukiwahi mno, atakivaa muda mrefu kwa faida ndogo. Ukichelewa, mifupa itakuwa imemaliza kukua, na huenda ikabaki njia ya upasuaji tu. Daktari wake akasema tusubiri. Mama, mzaliwa wa Mombasa, akanigeukia: "Mwambie ngoja ngoja huumiza matumbo." Nilitafsiri maana, matumbo nikayaacha.

Nyumbani nilimweleza Mama hivi. Picha ya eksirei huonyesha meno yanavyojengwa ndani ya taya kabla hayajaota. Mwaka 1973 Arto Demirjian na wenzake, huko Montreal, waliyapanga makuzi ya jino katika hatua nane, kuanzia A, ncha inapoanza kuwa ngumu, hadi H, tundu la mwisho wa mzizi linapofunga. Watafiti wengi wameihusisha hatua ya G ya chonge ya chini, mzizi ukiwa karibu kukamilika lakini tundu bado wazi, na kipindi cha kurefuka haraka. Na picha hiyo mara nyingi ipo tayari, kwa hiyo mtoto hapigwi nyingine ya mkono.

"Sawa," akasema Mama, "lakini hiyo ni saa ya watoto wa nani?"

Aliuliza swali la kitaalamu bila kujua. Watoto wa Demirjian walikuwa Wakanada wenye asili ya Kifaransa. Mwaka 1981 Hassanali na Odhiambo walionyesha kwamba, nchini Kenya, meno ya ukubwani ya watoto Waafrika huota mapema kuliko ya watoto wenye asili ya Asia. Na mwaka 1980, Afrika Kusini, Chertkow aliona kwamba uhusiano wa chonge na ukuaji ulikuwa dhahiri kwa watoto weupe, lakini haukuwafaa watoto weusi. Mdogo wangu ana bibi Mdigo na babu Mhadhrami. Jedwali lipi litamtosha?

Ndiyo maana daktari mzuri hategemei jino peke yake. Huangalia mifupa ya shingo katika picha ya ubavuni, hupima kimo kila ziara, na huwauliza wazazi. Mama ana jibu: miaka mingi amekuwa akitia alama za penseli kwenye fremu ya mlango wa jikoni, kila moja na tarehe yake. Nimezipiga picha. Ziara ijayo zitaingia kwenye faili, pamoja na chonge.