Siku Kumi za Makinikia

Mbwa wangu anaitwa Makinikia. Jina hilo alipewa na vijana wa mtaa wetu hapa Kahama mwishoni mwa mwaka 2017, wakati ambapo nchi nzima ilikuwa imejifunza neno hilo kwa mara moja. Machi mwaka huo Serikali ilizuia mchanga wa madini kusafirishwa nje, na makontena 277 yaliyokwama Dar es Salaam yakawa mada ya kila kijiwe. Rafiki yangu, fundi mitambo katika mgodi mmojawapo wa ukanda huu, alipopunguzwa kazini alirejea kwao akaniachia mtoto wa mbwa wa miezi minane. Baba yake alikuwa mbwa wa Kijerumani, mama hakujulikana. Vijana walimtazama, wakatoa hukumu: huyu ni makinikia, kilichomo ndani hakuna akijuaye.

Pamoja na mbwa ulikuja mfuko wa kilo 15 wa chakula kikavu kilichotoka ng'ambo, maalumu kwa mbwa anayekua. Rafiki yangu alinisisitizia nisimbadilishie mpaka atimize mwaka. Niliitikia kama tunavyoitikia mambo mengi stendi ya basi. Mfuko ulipokwisha, baada ya majuma matano hivi, niliuliza bei ya mwingine Mwanza nikaikuta inakaribia nusu ya mshahara ninaomlipa mlinzi wangu. Nikajiambia kwamba mbwa wa Usukumani wamekula ugali tangu enzi za mababu na wakachunga ng'ombe. Jioni hiyo hiyo nikampa ugali wa dona na mchuzi wa dagaa uliobaki mezani, chumvi na vitunguu vyote vikiwamo. Alikula akalamba sufuria. Usiku akaanza kuhara, na aliendelea siku tatu.

Afisa mifugo aliyekuja hakunikemea, ila alicheka, jambo ambalo kwa mwalimu ni adhabu kubwa zaidi. Alinieleza kwamba nilikuwa nimefanya makosa mawili kwa mpigo: nilikuwa nimeharakisha umri, na nilikuwa nimeharakisha tumbo. Mbwa wa umbo kubwa huendelea kujenga mifupa mpaka mwezi wa 12, wengine mpaka wa 18 au kupita, ilhali wale wadogo humaliza mapema. Viwango vinavyotumika Marekani hutaka chakula kikavu cha mbwa anayekua kiwe na protini isiyopungua asilimia 22.5, na cha mbwa mzima asilimia 18. Kalsiamu nayo hushuka kutoka asilimia 1.2 hadi 0.5. Lakini wingi nao si salama. Kalsiamu ikizidi, mifupa ya mbwa mkubwa angali mchanga hupinda, kwa hiyo unga wa mifupa niliokuwa nimepanga kumwongezea kwa huruma ungemlemaza.

Akaongeza onyo ambalo kila mfugaji wa mkoa wa pamba anapaswa kulisikia. Mashudu ya pamba, ambayo hapa kwetu hupatikana kwa urahisi, yana sumu iitwayo gosipoli. Tumbo la ng'ombe mzima huihimili kwa kiasi. La mbwa haliihimili. Vitunguu humharibia damu. Na mahindi yaliyoota ukungu, ambayo tumezoea kusema "hayo mpe mbwa", hubeba sumukuvu, na mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika nayo upesi. Ni sumu hiyo hiyo iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016.

Basi nikanunua chakula cha mbwa mchanga kwa mifuko midogo mpaka Makinikia alipotimiza mwaka. Ndipo nikaanza kumhamisha kwa utaratibu. Siku tatu za kwanza chakula kipya kilikuwa robo tu ya mlo, tatu zilizofuata nusu, kisha robo tatu, na siku ya kumi kikawa mlo wote. Chakula kipya chenyewe kilikuwa dona kidogo, maini au utumbo uliochemshwa, mchicha, na dagaa wa ziwani waliosuuzwa mchanga, bila chumvi. Dagaa huliwa na mifupa yake, hivyo kalsiamu nyingine sikuhitaji. Nilitumia mizani ya jikoni. Nilichora jedwali, nikalibandika ukutani kando ya mlango wa stoo, na nilipokuwa safarini kusahihisha mitihani nilipiga simu kuuliza choo cha mbwa kilikuwaje.

Aliyekuwa akipokea simu hizo ni mlinzi wangu, mzee wa makamo ya baba yangu mdogo.

Asubuhi ya siku ya saba nilimkuta amesimama mbele ya lile jedwali.

"Mwangaluka, Mwalimu," alinisalimu, kisha bila kugeuka: "Kumbe tumbo linataka kuzoeshwa."

Nikamwambia ndiyo, Mzee, hata letu sisi binadamu. Akakaa kimya kidogo. Kisha akanieleza, kwa sauti ile ile ya kutoa taarifa za usiku, kuhusu mjukuu wake. Binti yake alikuwa ameondoka kwenda kuponda mawe kwenye maduara ya Geita, ambako malipo mara nyingi huwa mfuko wa mawe usiojulikana una dhahabu au hauna. Mtoto alikuwa na miezi tisa. Ziwa lilikoma siku basi lilipoondoka, na jioni yake bibi akampa ugali. Alikuwa akihara tangu Jumatatu.

"Huyu kapewa siku kumi," alisema, akimwonyesha mbwa. Hakusema zaidi.

Mimi nafundisha vijana sera za jamii. Naweza kuinukuu bila kitabu Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004: likizo ya uzazi ya siku 84, na hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Binti yule hana mwajiri wa kumdai saa hizo mbili. Mwajiri wake ni duara. Lakini baba yake anaye mwajiri, na mwajiri huyo alikuwa amesimama pale na kijiko cha kupimia mkononi. Miaka minne alikuwa amelinda geti langu bila karatasi yoyote. Hakuwa na siku ya likizo iliyoandikwa, ndiyo maana tangu Jumatatu hakuthubutu kuomba ruhusa. Mbwa alikuwa na jedwali.

Tulimpeleka mtoto kituo cha afya kwa gari langu asubuhi hiyo. Alipewa maji ya chumvichumvi na vidonge vya zinki, na muuguzi akamfundisha bibi uji wa kulainisha kwa dagaa waliosagwa na karanga. Alipona.

Mkataba niliuandika Jumamosi. Mzee aliusoma taratibu, akafika kwenye kifungu cha likizo ya mwaka, siku 28, akaniuliza kama anaweza kuzichukua sehemu sehemu, maana binti alikuwa amepiga simu kwamba hatarudi kabla ya masika. Nikasema anaweza. Kwenye mshahara alinyamaza. Tarakimu ilikuwa ile ile ya zamani. Nilikuwa nimeinakili bila kufikiri. Aliniangalia, nikaichukua kalamu.