Nilimnyamazisha Kijana kwa Jina la Ghazali

Kwa miaka mingi nimewafundisha vijana jambo lisilo kweli, tena kwa sauti ya mtu mwenye hakika. Nilikuwa mwalimu wa Maarifa ya Uislamu katika shule moja ya sekondari mkoani Tanga, na jioni nilisomesha madrasa. Kila tulipofika kwenye historia ya elimu katika Uislamu, niliwaandikisha wanafunzi noti zilezile: falsafa ni mali ya Wayunani, iliingia Baghdad kwa mlango wa tafsiri zama za Bani Abbas, ikawapoteza watu kama Ibn Sina, kisha Imamu Ghazali akaandika kitabu kimoja, akaimaliza. Tangu hapo, niliwaambia, Waislamu hawana falsafa wala hawaihitaji. Kitabu hicho, *Tahafut al-Falasifa*, nilikuwa sijakisoma. Nilikisikia kwa walimu wangu, nao walikisikia kwa walimu wao, nami nikakiandika ubaoni kana kwamba nimekipekua ukurasa kwa ukurasa.

Kosa lingeishia kwenye noti, pengine ningelisahihisha kimyakimya. Lakini lilimfika mtu.

Kijana wa Kidato cha Nne, mpole, msomaji mzuri wa Kurani, alinyoosha mkono akasema: "Ustadhi, tunasema Mwenyezi Mungu habadiliki. Na tunasema ulimwengu haukuwepo, kisha ukawepo. Sasa kama Yeye habadiliki, ni kitu gani kilichofanya uwepo wakati ule, usiwepo kabla yake?" Nilimjibu kwamba hayo ni maswali ya wanafalsafa, na Ghazali alishawakufurisha wanafalsafa, basi amwombe Mungu msamaha. Darasa zima likanyamaza. Yeye akakaa. Hakuuliza tena hadi alipomaliza shule, na mimi nikauhesabu ukimya wake kuwa ni adabu.

Nilikuja kukifungua kitabu chenyewe baadaye sana, nilipoombwa kutoa darsa la Ramadhani juu ya maisha ya Ghazali. Kina masuala 20. La kwanza, ambalo ndilo refu kuliko yote, linahusu kama ulimwengu ni wa milele au una mwanzo, na ndani yake nikalikuta swali la kijana yule. Ghazali analieleza kwa niaba ya wapinzani wake, kwa nguvu zake zote, bila kulipunguza wala kulifanyia kejeli. Kisha anakaa nalo. Halikimbii.

Anachojibu ni hiki. Irada ya Mungu ni ya milele, na ni irada hiyohiyo, bila kubadilika, iliyotaka ulimwengu uwepo pale ulipokuwepo. Wakati nao umeumbwa pamoja na ulimwengu, kwa hiyo "kabla" tunayoiwazia imetokana na mazoea ya fikra zetu. Wapinzani wanamrudia: nyakati zote zinafanana, basi ni nini kiliutenga wakati mmoja na mwingine? Ghazali anasema hiyo ndiyo kazi ya irada, kutenga kitu na mfano wake. Mweke mtu mbele ya tende mbili zinazofanana kwa kila hali, ana hamu nazo na hawezi kuzichukua zote mbili. Atachukua moja. Hatabaki anakodoa macho milele kwa kukosa sababu ya kuichagua hii na kuiacha ile.

Ibn Rushd wa Cordoba, aliyekuwa kadhi na mwandishi wa *Bidayat al-Mujtahid* ambayo wanafunzi wa fiqhi wanaisoma hadi leo, aliikamata tende hiyo karne moja baadaye katika *Tahafut al-Tahafut*. Mtu yule, anasema, hachagui kati ya tende na tende. Anachagua kati ya kula na kutokula, na yoyote ambayo mkono wake utaiangukia inamtosha. Kwa hiyo mfano hauthibitishi kwamba irada hutenga vitu vinavyofanana. Naye Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alikuwa ameshalitazama suala lote kwa upande mwingine: kila kilichopo ambacho kingeweza kutokuwepo kinahitaji kitu cha kukifanya kiwepo, na mwisho wa haja hiyo ni Mmoja ambaye kuwepo Kwake ni lazima. Kwake yeye, kuumbwa ni kumtegemea huyo Mmoja muda wote, hata kama ulimwengu hauna siku ya kwanza. Ghazali aliona hatari hapo, kwamba Mungu wa namna hiyo hana hiari, ulimwengu unamtoka tu bila Yeye kuuchagua. Katika hili mimi bado niko upande wa Ghazali. Lakini sasa najua kwa nini, na najua pia kwamba hoja ya Ibn Rushd kuhusu tende bado inanisumbua.

Na lile neno la kufuru? Ghazali alilitumia katika masuala 3 kati ya yale 20: umilele wa ulimwengu, kauli kwamba Mungu hajui mambo ya mojamoja ila kwa ujumla wake, na kukana kufufuliwa kwa miili. Mantiki aliikubali; kitabu chake cha usuli wa fiqhi, *al-Mustasfa*, kinaanza na utangulizi wa mantiki, na anasema asiyeimiliki elimu yake haitegemeki. Hesabu na elimu ya nyota hakuzigusa. Katika utangulizi wa *Tahafut* yenyewe anaonya kwamba anayebishana na mahesabu ya kupatwa kwa jua kwa jina la dini anaidhuru dini. Mimi neno alilolipima hivyo nililitupa juu ya elimu nzima, nikalitupa na juu ya mtoto aliyeuliza. Kuuliza hakumo katika yale 3.

Kinachoniumiza zaidi ni jinsi alivyojiandaa. Anasimulia katika kitabu chake *al-Munqidh* kwamba alikuwa Baghdad, anasomesha wanafunzi 300, na kwa saa alizoziiba katikati ya kazi alisoma vitabu vya wanafalsafa karibu miaka 2 hadi akavielewa, kisha akakaa karibu mwaka mwingine akivitafakari. Aliona kulipinga kundi ambalo hujalielewa ni upofu. Aliandika pia *Maqasid al-Falasifa*, akayapanga mawazo yao vizuri kiasi kwamba Wazungu wa zama za kati, walipokisoma kwa Kilatini, walimdhania kuwa mmoja wao. Huyo ndiye mtu ambaye jina lake nililitumia kumfunga mwingine mdomo bila kusoma hata ukurasa wake mmoja.

Sehemu nyingine za noti zangu nazo zilikuwa mbovu. Kwamba falsafa ya Kiislamu ni mali ya Wayunani iliyobadilishwa nguo: hapana. Waislamu walikuwa wanajadiliana juu ya kadari, hiari ya mja na sifa za Mungu kabla Aristotle hajaenea kwa Kiarabu. Al-Kindi, katika kitabu chake cha falsafa ya kwanza alichomwandikia Khalifa al-Mu'tasim, alitetea kupokea ukweli hata ukitoka kwa mataifa ya mbali, na katika kitabu hichohicho akamwacha Aristotle akatoa hoja kwamba ulimwengu una mwanzo. Tauhidi ndiyo iliyokuwa ikimsukuma. Tena, wanatauhidi waliokuja baada ya Ibn Sina waliipokea kauli yake ya kuwepo kwa lazima wakaitumia kumweleza Mungu. Mtoto wa pwani anayehifadhi *Aqidatul Awam* na sifa 20, akafundishwa yaliyo wajibu kwa Mungu, mustahili na jaizi, anasoma tunda la mjadala huohuo. Nilikuwa nalisomesha jioni madrasani, na asubuhi darasani nasema halipo.

Na kwamba falsafa ilikufa, hapana pia: Fakhr al-Din al-Razi na Nasir al-Din al-Tusi walishindana juu ya maneno ya Ibn Sina baada ya Ghazali kuzikwa, na Mulla Sadra wa Shiraz aliandika *al-Asfar* karne ya 17. Ernest Renan wa Ufaransa ndiye aliyeeneza katika karne ya 19 kwamba Ibn Rushd alipofariki mwaka 1198 falsafa ya Waarabu ilikufa naye. Nilidhani nailinda dini, na kumbe sehemu ya hadithi yangu ilikuwa imeshasemwa na mtu aliyeudharau Uislamu waziwazi.

Ibn Rushd aliliweka swali la falsafa yenyewe katika *Fasl al-Maqal* kama linavyowekwa mbele ya mufti: je, kuitazama falsafa ni haramu, mubaha, sunna au wajibu? Akaanza na aya ya pili ya Suratul Hashr, inayowaamrisha wenye macho wazingatie, akahitimisha kwamba kwa mwenye uwezo jambo lenyewe ni la kuamrishwa. Unaweza kumpinga. Wengi walimpinga, Ibn Taymiyya akiwemo kwa upande wa mantiki, na aliisoma hiyo mantiki kwanza.

Nimemtafuta kijana yule sijampata. Ikiwa anasoma hapa: mwanangu, swali lako lilikuwa sahihi, Ghazali alilijibu kwa heshima, na mimi nilikudhulumu. Naomba unisamehe. Na nyinyi wengine niliowasomesha, wenye madaftari ya noti zangu, hasa mliokuwa walimu na mnaziandikisha kwa wanafunzi wenu: ukurasa wa falsafa futeni. Aliyeweza Kiarabu akisome *Tahafut*, suala la kwanza, mpaka mwisho wake, kisha amsomee asiyeweza.