Diski ya Pili

Kibanda cha gemu cha mtaani kwetu Sumbawanga kilikuwa na televisheni mbili, PlayStation 2 mbili, na benchi la mbao lenye msumari uliochana sketi na kaptula bila ubaguzi. Mwaka 2009 nilikuwa darasa la sita. Nusu saa ilikuwa shilingi 200. Televisheni ya kwanza ilikuwa ya mpira na haikupumzika: waliocheza walizungukwa na waliosubiri zamu, na waliosubiri zamu walizungukwa na wasio na hela. Televisheni ya pili, ambayo nyuso zote zilionekana za kijani, ilikuwa ya mambo mengine. Hapo ndipo nilipokutana na Lucia.

Lucia ana nywele nyekundu, mapanga mawili mafupi, na visu vya kurusha visivyoisha. Mwenye kibanda, ambaye sote tulimwita Anko, aliiweka diski yake kwenye bahasha ya karatasi iliyoandikwa kwa kalamu nene: DEVIL 2. Ilikuwa nakala tu, kama diski zote pale. Jina kamili ni Devil May Cry 2, gemu ya kampuni ya Capcom ya Japani, na iliuzwa ikiwa na diski mbili. Ya kwanza ni ya Dante, mwanamume wa koti jekundu ambaye ndiye nyota wa mfululizo mzima. Ya pili ni ya Lucia. Kwa Anko niliiona ya pili peke yake. Kwa hiyo kwangu Dante alikuwa mgeni anayepitapita kwenye gemu ya Lucia.

Kibanda kilikuwa jirani na mashine ya kusaga. Mama alinituma na debe la mahindi, mimi nikaliacha kwenye foleni, nikaingia kibandani. Ile 200 ilitoka kwenye chenji ya kusaga. Nilikuwa msichana peke yangu mle ndani, nikaitwa jike dume mpaka jina likachuja. Umeme wetu wakati ule ulivutwa kutoka Zambia, na ulipokatika kabla hujahifadhi, unaanza upya. Binamu yangu, aliyekuwa kidato cha pili, ndiye aliyenitafsiria maandishi. Karibu na mwisho, tajiri mchawi aitwaye Arius anamfichulia Lucia kwamba yeye ndiye aliyemtengeneza, kisha akamtupa kwa kuwa alikuwa na kasoro. Nikamuuliza binamu, "Anasemaje?" Akasema, "Anamwambia yeye ni mbovu."

Lucia akasimama kimya. Halafu akaendelea kupigana. Nililibeba lile debe la unga nyumbani nikiwa nimenyooka kama askari.

Nilikuja kujua dunia inaionaje gemu ile miaka mingi baadaye, Dar es Salaam, nikiwa nasomea shahada ya uzamili katika fasihi. Nilikuwa nasoma nadharia ya upokezi, na Hans Robert Jauss aliponieleza kwamba msomaji huijia kazi akiwa tayari na upeo wa matarajio, nilifikiria kibanda cha Anko badala ya riwaya. Usiku ule nikaitafuta gemu yangu mtandaoni, nikitegemea kukutana na watu wanaoipenda kama mimi.

Kwenye Metacritic, tovuti inayokusanya alama za wahakiki, gemu ya kwanza ya mwaka 2001 ina alama 94 kati ya 100. Ya tatu, ya mwaka 2005, ina 84. Yangu, ya mwaka 2003, ina 68. Mashabiki wengi wakiulizwa ipi mbaya kuliko zote, hawasiti. Nilisoma mpaka saa nane usiku nikiwa na uchungu wa mtu aliyesikia ndugu yake akisengenywa msibani.

Mashitaka yenyewe ni haya. Gemu ya kwanza ilikuwa ngumu, yenye korido nyembamba na hofu kila kona. Ya pili ina viwanja vipana vilivyo tupu. Dante aliyekuwa na maneno ya kejeli sasa haongei. Maadui wanasimama kama wamesahau walichotumwa. Bastola ina nguvu kupita kiasi, hivyo upanga, ambao ndio roho ya gemu za aina hii, hauna kazi. Kamera inakuficha adui anayekupiga. Na kwa Lucia, wanasema, wamerudia mazingira ya Dante, wakaongeza sehemu za kuogelea ambazo hakuna aliyeziomba.

Kuna maelezo pia ya jinsi ilivyotokea. Hideki Kamiya, aliyeongoza ya kwanza, hakuhusishwa na ya pili. Ilipewa timu nyingine. Mambo yalipokwenda kombo, Hideaki Itsuno aliletwa katika miezi ya mwisho ili kazi ifike dukani. Jina lake ndilo lililobaki kwenye lawama. Baadaye aliomba kutengeneza ya tatu ili asafishe jina, na akalisafisha. Jambo lisilosemwa mara nyingi ni kwamba baadhi ya vitu vinavyosifiwa katika zilizofuata vilianzia kwenye ile iliyotukanwa: kubadilisha silaha za moto katikati ya pambano, kukimbia ukutani, na ile ngazi ndefu ya mapambano iitwayo Bloody Palace.

Nikaamua kuandika sura ya tasnifu kuitetea. Hoja yangu ilikuwa nzuri, au niliiona hivyo. Mhakiki aliyelalamika kwamba gemu ni rahisi alikuwa na diski yake nyumbani na jioni nzima mbele yake. Mimi nilikuwa na nusu saa na foleni ya mashine. Urahisi kwangu ulimaanisha kwamba shilingi 200 inanifikisha mahali. Hata zile sehemu za kuogelea: Ziwa Tanganyika liko mkoani kwetu, lakini nilikuwa sijawahi kuliona. Maji mengi ya kwanza maishani mwangu niliyaona kwenye televisheni ya kijani, Lucia akiwa ndani yake.

Msimamizi wangu alisoma kurasa zile akaandika pembeni, kwa penseli: "Umeicheza lini mara ya mwisho?"

Rafiki mmoja hosteli alikuwa na toleo jipya kwenye kompyuta yake. Nikakaa Jumamosi asubuhi. Kufikia mchana nilikuwa nimejua kwamba wahakiki hawakunionea. Viwanja ni vitupu kweli. Maadui wamezubaa kweli. Majini, Lucia anageuka kama mtumbwi wenye kasia moja, na kamera haijui anaelekea wapi. Nilicheza mpaka mwisho kwa heshima tu, mpaka pale anapomsubiri Dante na mlio wa pikipiki ukasikika nje. Mwaka 2009 niligeuka kuangalia mlangoni kwa Anko nikidhani ni pikipiki ya mtaani. Safari hii sikugeuka, na hilo liliniumiza kuliko zile alama 68.

Jioni nikampigia binamu, ambaye sasa anafanya biashara Tunduma.

"Kaka, unaikumbuka ile gemu ya Lucia?"

"Ya yule dada wa visu? Ile mbovu?"

"Mbovu kivipi, na wewe hujawahi kuicheza?"

Akacheka. "Nani kakwambia, mdogo wangu? Diski ya yule jamaa wa koti jekundu tuliimaliza ndani ya wiki. Unasimama mbali, unapiga bastola, wanakufa wenyewe. Ikachosha. Anko akaiuza. Ile ya pili hakuna aliyeitaka, ndiyo maana akawa anakuachia wewe."

Nilikaa na simu mkononi muda mrefu. Miaka yote nilidhani Sumbawanga hatukuwa na uhakiki, kwamba tulipokea tu kilichotufikia. Kumbe wale wavulana walishatoa hukumu ileile, tena bila alama wala tovuti: walirudi kwenye mpira. Na mimi nilipata nafasi kwenye benchi kwa sababu ya hukumu hiyo. Lucia angekuwa kwenye gemu nzuri, nisingemgusa. Ningekuwa nyuma ya safu ya tatu, pamoja na wasio na hela, nikichungulia kati ya mabega.

Sura ile niliifuta. Nimeandika nyingine, ambayo haisemi kwamba gemu ni nzuri.

Nilipokwenda nyumbani likizo, nilimwambia mama habari za chenji. Alikuwa anapepeta ulezi uani, hakuinua kichwa. Akaniacha nimalize kila kitu, kibanda, diski, yule mchawi na maneno yake. Kisha akauliza, "Na huyo binti, alimshinda?"

"Alimshinda, mama."

"Basi," akasema, akaendelea kupepeta.